Jemadari wa Bondeni

Bi Chokochoko hakupewa jina hilo bure. Tangu usichana wake, akiona watu wawili wanaelewana kupita kiasi, lazima awatupie neno dogo la kuwachangamsha. Na watu wakinyamaza kwa heshima, yeye ndiye wa kwanza kucheka. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwashi, alizoea kusema kwamba ameoa mke mmoja lakini anaishi na mkutano mzima. Basi ukimkuta mwanamke wa namna hiyo amekaa kibarazani kashika tama, cherehani imesimama, kitambaa kimening'inia chini ya sindano, hatanii wala hataniki, ujue kuna jambo. Na wiki ile jambo lilikuwepo.

Lilikuwa chumba. Nyuma ya nyumba yake kilisimama chumba cha matofali kisicho na paa wala mlango, kimeota majani mpaka shingoni. Mwashi alikianza akiwa mzima wa afya, akakipandisha jioni baada ya jioni akitoka kuwajengea watu wengine. Mafundi ndivyo walivyo, nyumba zao wenyewe huwa za mwisho. Kuta zilikuwa zimekwisha kufika juu na dirisha limekwisha kuwekwa tao lake pale maradhi yalipombishia hodi. Hayakumpa nafasi ya kupanda tena kwenye jukwaa. Tangu hapo chumba kikabaki hivyo hivyo, mali ya mijusi.

Sasa Shemeji akakitaka. Shemeji huyo ni mdogo wake marehemu, mfuga kuku, na tuseme ukweli, si mtu mbaya hata kidogo. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hawezi kuona kitu kimekaa bure. Akiona kamba imeanguka njiani ataiokota, akiona mtu amelala mchana atamwamsha. Katika kikao cha familia alisimama akaeleza kwamba chumba kisicho na paa ni nyumba ya nyoka, na kwamba matofali yale mazuri yangefaa banda la kuku. Wanafamilia wakatikisa vichwa kukubali, maana wote walikuwa wakila mayai yake.

Bi Chokochoko akasema chumba kina kazi. Wakamuuliza kazi gani. Hakuwa na jibu, na kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, akasema mtaona. Wakacheka. Lakini kwa kumheshimu marehemu wakampa mpaka Jumamosi: kikionekana kina kazi, kitabaki, kisipoonekana, Shemeji aje na mkokoteni achukue matofali yake. Hapo ndipo alipokwenda kukaa kibarazani akashika tama.

Alijaribu kufikiria kazi. Ghala? Hana cha kuweka. Kukodisha? Nani apange nyumba isiyo na paa, labda mbalamwezi. Kila alichowaza kilimrudia mikononi kikiwa kimepasuka, na uchungu ukamkaa kifuani kwa sababu, ukiacha picha moja iliyofifia ukutani, chumba kile ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho mume wake alikifanya kwa ajili yake, si kwa ajili ya mteja.

Kilichomwokoa ni sauti. Huko juu, kwenye njia panda penye kichuguu kikubwa, kila Jumamosi hupita watembezi wa kutoka mjini, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma baiskeli za kukodi, wakienda kutazama Boma la Kale lililoko kilimani. Hawashuki bondeni kwake. Pale kwenye kichuguu wao huchukua njia ya kushoto na kupanda. Bi Chokochoko alikuwa hawaoni, alikuwa anamsikia tu kiongozi wao. Na nani asingemsikia?

Kiongozi yule watu walimwita Kinyumenyume. Aliamini, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo, kwamba kiongozi anayewapa wageni mgongo amewatukana. Kwa hiyo yeye alitembea kinyumenyume safari nzima, uso kwa wageni, mikono ikipepea, historia ikimtoka mfululizo utadhani bomba limekatika. Hakuwahi kuanguka. Siri yake ilikuwa mawe. Ukingoni mwa njia, toka mwanzo hadi langoni mwa boma, kulipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na yeye aliyafuata kwa jicho la pembeni. Jiwe jeupe lipo? Anakwenda. Liko jingine? Anakwenda. Wala hakuwa na haja ya kujua kingine chochote.

Bi Chokochoko akayafikiria yale mawe. Kisha akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu kikao.

Ijumaa mchana kweupe akaitoa baiskeli ya marehemu, ile yenye keria ya chuma iliyobeba saruji miaka na miaka, akafunga kapu nyuma, akaisukuma mpaka kwenye kichuguu. Hakutaka kufanya kazi ile gizani. Mtu anayefanya jambo gizani huulizwa maswali, alisema moyoni, lakini anayelifanya juani huku akitokwa jasho hudhaniwa ametumwa. Akayang'oa mawe ya njia ya kushoto, akayapanga upya kwenye njia ya kulia, akayashusha bondeni mpaka uani kwake, akayazungusha nyumba mpaka kwenye chumba. Njia ya kushoto akaifunga kwa matawi. Mawe hayo si mepesi, jamani. Mara mbili alikaa chini akamlaumu marehemu kwa kufa, kisha akaomba radhi na kuendelea.

Muuza maziwa akapita na baiskeli yake, akafunga breki, akamuuliza anafanya nini.

Akajibiwa kwamba mawe yanaanikwa. Kule juu kuna baridi sana, yameshika unyevu, chokaa inaharibika. Muuza maziwa akatafakari. Akauliza kama yatarudishwa. Bi Chokochoko akasema hilo litategemea jua. Yule bwana akaridhika, akapanda baiskeli yake, na kabla jioni haijaingia bonde zima lilijua kwamba mawe yameanikwa, na hakuna mtu aliyekuwa na swali.

Jumamosi akafagia uwanja, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa kibarazani akijitia kushona. Moyo ulikuwa unamdunda kuliko cherehani. Punde sauti ikaanza kusikika juu, ikakaribia, ikageuka kulia.

"Na sasa," sauti ilikuwa ikisema, "tunaanza kupanda kilima."

Walikuwa wanashuka. Wanashuka kabisa, mteremko wa kushika breki. Nyuma ya Kinyumenyume walifuatana wageni wenye kofia na chupa za maji, na mmoja wao, baba mtu mzima aliyevaa kaptula na soksi ndefu, alikuwa akiizuia baiskeli yake isimkimbie. Wageni walitazamana. Magoti yao yaliwaambia jambo moja na kiongozi aliwaambia jingine, wakaona afadhali wamwamini kiongozi, maana magoti hayakusomea. Mama mmoja mwenye kamera hata akaanza kuhema kidogo, kwa adabu.

Kinyumenyume akaingia uani kwa mgongo, akazunguka nyumba kwa mgongo, akafika. "Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo penyewe," akasema, akaegemea nyuma kama alivyozoea kuegemea nguzo ya lango la boma. Akagonga kisogo kwenye ukuta usiokuwa wake.

Akageuka. Masikini, ungemwona. Mtu yule alilijua Boma la Kale tofali kwa tofali, na kilichokuwa mbele yake kilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba ya mtu, chenye majani, na pembeni kamba ya nguo yenye shuka moja. Rangi ikamtoka. Wageni wakamtazama wakisubiri. Yeye akamtazama mwenye nyumba.

Bi Chokochoko akaja polepole akipangusa mikono. "Karibuni," alisema. "Leo mmechelewa, nilikuwa nawangoja." Na kwa macho akamwambia kiongozi yale mengine: ama useme mbele ya watu hawa kwamba umepotea, ama unishike mkono twende.

Kinyumenyume hakuwahi kupotea. Katika maisha yake yote ya kwenda kwa mgongo hakuwahi, na hakukusudia kuanza siku ile. "Hili ndilo Boma Dogo," akasema. "Si kila kundi tunalileta huku."

Wageni walifurahi mno. Nani hapendi kuonyeshwa kile ambacho wenzake hawakuonyeshwa? Wakaanza kupapasa kuta. Mama wa kamera akaweka kiganja kwenye tofali akafumba macho, akasema anausikia ubaridi wa zamani. Alikuwa ameshika kuvu mbichi. Kinyumenyume, alipoona wamekubali, damu ikamrudia, akaanza kupiga chuku. Akaeleza kwamba zamani, adui aliposhambulia boma la juu, kulikuwa na jemadari mmoja aliyelinda bonde kutokea hapa, peke yake, siku kadhaa. Bi Chokochoko akatia chumvi kidogo: jemadari huyo alikuwa chongo. Kiongozi akaidaka: jicho lilitolewa na mshale. Mwenye nyumba akarudisha: aliuchomoa mwenyewe na kuurusha ulikotoka. Wakarushiana Jemadari wao hivyo kama watoto wenye mpira, na wote wawili, ukweli usemwe, walikuwa wakistarehe.

Hapo ndipo mkokoteni ulipoingia uani. Shemeji mbele na nyundo kubwa begani, wapagazi wawili nyuma. Shemeji alikuwa mtu wa ahadi. Jumamosi ni Jumamosi. Alipowaona wageni akasimama, lakini nyundo ilikuwa imekwisha kuonekana. Baba wa kaptula akaachia baiskeli ikaanguka, akajisimamisha mbele ya ukuta akitandaza mikono, akauliza kwa ukali kama bwana yule anajua anataka kubomoa nini.

Shemeji akaanza kueleza habari ya kuku. Bi Chokochoko akamkata kauli.

"Huyu ni shemeji yangu," aliwaambia wageni. "Ni wa damu moja na aliyejenga."

Wala hakusema uongo, mnajua wenyewe. Lakini wageni waliposikia hivyo walimzunguka Shemeji kwa furaha, wakampa mikono, wakamwita mjukuu wa Jemadari. Mama wa kamera akamwomba asimame karibu na dirisha. Shemeji hakuwa akielewa kitu, ila hakuwahi kupigwa picha na watu wa mjini, na kichwa kikaanza kumvimba. Akanyoosha mgongo. Akashika nyundo kwa mikono miwili kama silaha. Alipoulizwa kama ni kweli, akasema damu haipotei, ukoo wao tangu asili ni watu wa kujenga vitu vikakaa. Alipoulizwa nyundo ni ya nini, akafikiri, akasema amekuja kukagua.

Bi Chokochoko alikaribia kufa kwa kicheko alichokizuia. Ameshinda. Chumba kina kazi, kazi yenyewe imekuja na kamera, na Shemeji kajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungeleta maji ya kunywa ukanyamaza. Naye alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kuyaleta.

Lakini baba wa kaptula alikuwa mtu wa kuchungulia. Aliinama dirishani, akalitazama tao kwa karibu, akatelezesha kidole. Akauliza mbona dirisha liko chini hivi. Kinyumenyume akajibu bila kupepesa kwamba hiyo ndiyo hekima ya Jemadari, mlenga shabaha alipiga goti. Yule baba akastaajabu. Akawaita wenzake waje waone: kila tofali la tao limechongwa kwa mkono mpaka likakubali kukaa na mwenzake, hakuna mwanya hata wa kupitisha ukucha. Kwa mikono ile na jicho moja tu, akasema, huyu alikuwa mtu na nusu. Tumpigie makofi Jemadari. Wakapiga makofi, kwa moyo wote, na Kinyumenyume akainama kuyapokea kwa niaba yake.

Bi Chokochoko alisimama mlangoni kwake na birika mkononi. Alikuwa akiyakumbuka matofali yale. Alikumbuka mtu amechuchumaa uani kila jioni, amechoka, akichonga tofali kwa panga butu, akilipuliza vumbi, akilijaribu, akilitoa, akilichonga tena, naye akimwambia aache hayo aje kula. Na sasa makofi yanapewa nani? Bwana mmoja chongo ambaye hata hilo chongo kampa yeye! Wivu ukampanda, wivu hasa, ule wa mke ambaye kitu cha mumewe kimechukuliwa mchana kweupe na mtu baki. Akaweka birika chini.

"Hakuna jemadari," alisema.

Makofi yakakatika.

"Kajenga mume wangu. Alikuwa mwashi. Dirisha liko chini kwa sababu aliniketisha kwenye kigoda hapo ndani akapima macho yangu yalipofika. Hiki kingekuwa chumba changu cha kushonea. Alitaka nikiwa kwenye cherehani nimwone akirudi kutoka kazini, tangu kule juu kwenye kichuguu. Hakumaliza. Sikuwahi kumwona akirudi, hata siku moja, kupitia hapo."

Akawaeleza na yaliyobaki, bila kupamba: mawe kayahamisha yeye, kiongozi wao hana kosa ila mgongo, na yote hayo kayafanya kwa sababu kikao kilitaka kujua chumba kina kazi gani, na kazi hakina. Sauti ilimtetemeka mwishoni, jambo ambalo hakulipenda. Mama wa kamera alichukua kigoda kibarazani akamletea, akamkalisha ndani ya zile kuta, mbele ya dirisha. Kinyumenyume alikuwa anatazama viatu vyake.

"Basi Shemeji," alisema Bi Chokochoko, "matofali yako hayo."

Wapagazi walimtazama Shemeji, Shemeji akaitazama nyundo. Baba wa kaptula, ambaye kuuliza kwake kulikuwa hakujaisha, akamgeukia.

"Na wewe ulisema ni damu moja na aliyejenga. Nayo ilikuwa hadithi?"

Shemeji alishusha nyundo miguuni.

"Hapana," alisema. "Ni kaka yangu."

Akaegemeza nyundo ukutani, akaenda dirishani kwa upande wa nje. Siku zote alikuwa akikihesabu chumba kile kwa matofali, mangapi ya msingi, mangapi ya ukuta. Hakuwahi kuinama kutazama tao. Akainama. Akapitisha kidole palepale alipopitisha mgeni, tofali hadi tofali, akafika katikati ya tao, akasimama hapo. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu na alikuwa amekasirika, ila hakujulikana amemkasirikia nani.

Akawaambia wapagazi mkokoteni uende mtoni ukalete mchanga. Mmoja akauliza, na matofali? Akaambiwa amesema mchanga, au masikio yake yanauzwa? Wakageuza mkokoteni. Kisha, akizungumza na ukuta badala ya mjane, akasema anazo bati alizonunua kwa ajili ya banda, ziko nzima, na kuku tangu waumbwe wamezoea kulala nje, watangoja. Jumatatu aanze kenchi za paa. Dirisha nalo litahitaji fremu, mafundi wa fremu siku hizi ni waongo, bora apime mwenyewe. Akatandaza mikono kwenye uwazi wa dirisha, kifua kikijaa humo chote, akaanza kuhesabu shubiri kwa sauti ya juu ili mtu asidhani analia.

Bi Chokochoko alikuwa ndani kwenye kigoda, mikono mapajani. Aliacha ahesabu mpaka akafika nusu.

"Shemeji," alisema, "sogea kidogo. Unaniziba njia."